Mamilioni ya barua pepe: Anayegawa mbona ndiye anayeomba?

Ipo bidhaa moja ambayo haijawahi kuadimika sokoni, iwe ni msimu wa mavuno au wa ukame, dola ikipanda au ikishuka. Bidhaa hiyo ni ahadi ya kitita kikubwa cha fedha kutoka kwa mtu asiyejulikana. Hufika kwa barua pepe, ikimtaka mpokeaji kwa heshima zote awe mshirika katika kuhamisha dola milioni kadhaa ambazo mwenyewe ama amekufa, ama amefungwa, ama ameikimbia nchi yake. Wengi huifuta na kucheka. Lakini biashara isiyo na wateja hufungwa, na hii haijafungwa.

Ushauri unaotolewa mara kwa mara ni kuwa watu wajihadhari na barua zenye Kiingereza kibovu. Ushauri huo umepitwa na wakati, na kwa mfanyabiashara una hatari, kwani unamfanya aiamini barua iliyoandikwa vizuri. Kipimo cha kweli ni kile anachokitumia kila siku dukani, ghalani na bandarini: nani anatoa nini, kwa bei gani, na nani anatangulia kulipa. Barua ya mamilioni ikipimwa kwa maswali hayo matatu haisimami, hata kama imeandikwa kwa lugha ya profesa.

Bidhaa kongwe, chombo kipya

Wanaodhani utapeli huu ulizaliwa na intaneti wanakosea. Mwaka 1828, Eugène-François Vidocq, aliyewahi kuwa mfungwa na baadaye mkuu wa upelelezi mjini Paris, alieleza katika kumbukumbu zake jinsi wafungwa wa Ufaransa walivyokuwa wakiwaandikia watu wenye uwezo barua kuhusu mali iliyofichwa mahali fulani. Kilichohitajika ni fedha kidogo tu za kuwezesha mali hiyo ipatikane. Baadaye hadithi hiyo ikajulikana kama ya mfungwa wa Hispania: tajiri kafungwa, ana hazina, na atakayemsaidia kutoka atagawana naye. Gazeti la The New York Times liliandika habari zake mwaka 1898, na hata wakati huo liliuita utapeli wa zamani uliofufuka.

Kilichobadilika ni chombo cha kusafirishia. Barua za posta zilifuatiwa na teleksi, kisha faksi, na mwishoni mwa miaka ya 1990 barua pepe. Kwa posta, tapeli alilipia stempu kwa kila jina. Kwa barua pepe, barua laki moja humgharimu karibu sawa na barua moja. Gharama ikishuka kiasi hicho, mteja mmoja kati ya maelfu anatosha kuleta faida.

Jina la Nigeria liliingia katika habari hizi kwa sababu zinazoeleweka. Nchi hiyo ilikuwa na mafuta, kandarasi kubwa za serikali, na sifa mbaya ya viongozi waliojilimbikizia mali, hivyo hadithi ya fedha za kandarasi iliyoongezwa bei ilisikika kama jambo linalowezekana. Kifungu cha 419 cha Kanuni ya Makosa ya Jinai ya nchi hiyo, kinachohusu kujipatia mali kwa udanganyifu, ndicho kilichoupa utapeli huu jina lake la mitaani. Sani Abacha alipofariki Juni 1998, barua zilizojifanya kutoka kwa jamaa zake zilisambaa duniani. Mobutu Sese Seko, aliyepinduliwa Mei 1997 na kufariki Septemba mwaka huo huo, naye aligeuzwa mtaji kwa namna hiyo hiyo. Tapeli husoma magazeti kama mfanyabiashara asomavyo bei za mazao. Kila kiongozi anayeanguka, kila ndege inayodondoka na kila vita inayozuka ni malighafi kwake.

Haki itendeke kwa Wanigeria pia. Serikali yao ilitoa amri maalumu dhidi ya utapeli wa malipo ya awali mwaka 1995, ikaunda tume ya kupambana na uhalifu wa kiuchumi, EFCC, iliyoanza kazi mwaka 2003, na kuweka sheria mpya mwaka 2006. Aidha, matapeli wa aina hii wametoka na wanatoka katika mataifa mengi, na barua iliyosainiwa Lagos huenda imeandikwa kwingineko kabisa.

Si wajinga tu wanaolizwa

Kisa kinachofaa kubandikwa katika kila ofisi ya mhasibu ni cha Banco Noroeste ya Brazil. Kati ya mwaka 1995 na 1998 dola milioni 242 zilitoka katika benki hiyo kupitia kwa ofisa wake mmoja wa ngazi ya juu, Nelson Sakaguchi, aliyesadikishwa kuwa fedha hizo zinajenga uwanja mpya wa ndege mjini Abuja. Aliyekuwa akimshawishi alijifanya kuwa Gavana wa Benki Kuu ya Nigeria, na alimwahidi kamisheni ya dola milioni 10. Uwanja haukuwapo. Kasoro iligundulika pale benki hiyo ilipokuwa ikiuzwa kwa Santander ya Hispania, na mkaguzi akataka kujua kwa nini sehemu kubwa hivyo ya mtaji imekaa Visiwa vya Cayman bila usimamizi. Mwaka 2005 mahakama ya Nigeria ilimhukumu Emmanuel Nwude, kinara wa mpango huo, kifungo cha miaka 25.

Aliyelizwa hapo hakuwa mkulima asiyejua kusoma wala mstaafu mpweke. Alikuwa mtu wa benki, kazi yake ya kila siku ni fedha za kimataifa. Elimu haikumkinga kwa sababu tapeli hakushughulika na elimu yake. Alishughulika na tamaa yake, akampa na siri ya kuitunza. Mtu aliyepewa siri yenye kamisheni hawezi tena kuuliza wenzake, na asiyeuliza wenzake amekwisha kuingia mkenge.

Hesabu ya kamisheni

Dalali wa nyumba Dar es Salaam hutembea juani na mteja, hupanda na kushuka ngazi, hubembeleza mwenye nyumba, na kwa desturi huambulia kodi ya mwezi mmoja. Hiyo ndiyo bei ya soko kwa mtu aliyefanya kazi na anayejulikana mtaani. Sasa ichukuliwe barua inayosema kuwa kuna dola milioni 18.5 katika akaunti iliyolala, na kwamba mpokeaji atapata asilimia 25 kwa kutoa namba yake ya akaunti. Asilimia hiyo ni dola 4,625,000, na kazi yenyewe ni kuandika tarakimu chache katika karatasi.

Hakuna soko linalolipa hivyo. Mwenye dola milioni 18.5 ana benki, mawakili na wahasibu wanaomgombea. Angetaka kuzihamisha kihalali angelipa ada ya kawaida ya benki. Angetaka kuzihamisha kiharamu asingemchagua mtu asiyemjua, mwenye duka la vipuri Mwanza au Kisumu, aliyempata kwa kubahatisha anwani. Bei inapokuwa juu mno kuliko kazi, mwenye busara huuliza ni kitu gani kingine kinachonunuliwa. Katika barua hizi kinachonunuliwa ni ukimya wa mpokeaji na utayari wake wa kutanguliza fedha.

Mtego hufyatuka kwenye ada, si kwenye ahadi. Kwa mfano, mhusika anaweza kuombwa kwanza dola 850 za wakili. Akituma, zinahitajika dola 2,400 za hati ya mirathi. Akituma tena, kinatakiwa cheti cha kuthibitisha kuwa fedha hazitokani na ugaidi wala dawa za kulevya, dola 6,000. Jumla ni dola 9,250, na mhusika hujipa moyo kuwa hizo ni sehemu mbili tu kati ya elfu moja ya kile atakachopata. Hesabu yake ni sahihi, ila amegawa kitu ambacho hakipo. Zaidi ya hayo, kila anachotuma kinamfunga zaidi, kwani kuacha ni kukiri kuwa kilichotangulia kimepotea.

Dawa ni swali moja dogo: kwa nini ada hiyo isikatwe kwenye mamilioni yenyewe? Benki inapotoa mkopo hukata ada zake humo humo. Muuza mazao mnadani hukatwa ushuru katika malipo yake. Mwenye milioni 18 anayeshindwa kupata 850 hana milioni 18. Majibu ya tapeli kwa swali hilo huwa marefu sana, na urefu wake ndio ushahidi.

Hata hivyo, si kila malipo ya awali ni utapeli. Nyaraka za zabuni hununuliwa, mwagizaji wa magari hutanguliza fedha, na wakili wa kweli huomba sehemu ya ada yake kabla ya kuanza kazi. Tofauti ni kwamba hawa wana ofisi, wana stakabadhi, na kampuni zao zinaweza kuulizwa kwa msajili, ambaye kwa Tanzania ni BRELA. Wala hawakasiriki wakiulizwa. Tapeli huja juu anapoombwa apewe muda wa kuhakiki, na husema nafasi itapotea kesho saa 4 asubuhi.

Alama zinazoonekana

Baada ya kupima bei, zipo alama za karatasi zinazosaidia. Kwanza ni anwani. Jina linaloonekana juu ya barua linaweza kuandikwa lolote, hivyo cha kutazama ni maneno yaliyo baada ya alama ya @. Gavana wa benki kuu hatumii anwani ya bure ambayo hata mwanafunzi hufungua kwa dakika mbili. Vilevile itazamwe anwani ambayo majibu yataelekezwa, maana mara nyingi si ile iliyotuma.

Pili ni simu. Namba za Uingereza zinazoanza na 070 zimetumiwa sana na matapeli kwa sababu huweza kuelekeza simu nchi nyingine huku mpigaji akidhani anazungumza na London. Tatu ni nyaraka: mihuri mingi, nembo za Umoja wa Mataifa au Shirika la Fedha la Kimataifa, na nakala ya pasipoti iliyotumwa bila kuombwa. Benki halisi haimtumii mgeni pasipoti ya ofisa wake. Nne ni njia ya malipo. Fedha zinatakiwa kwa hawala kwa jina la mtu binafsi, kwa kadi za zawadi, au siku hizi kwa sarafu za kidijitali, yaani njia ambazo zikishakwenda hazirudi. Tano ni sharti la siri, na sita ni haraka.

Kuhusu lugha mbovu, mtafiti Cormac Herley wa kampuni ya Microsoft alitoa hoja ya kibiashara mwaka 2012. Alisema barua za kipuuzi zina faida kwa tapeli, kwa sababu humwondolea wateja wenye mashaka mapema, akabaki na wale tu watakaofuata hadi mwisho. Kwa maneno ya sokoni, ni kuchekecha. Lakini kwa tapeli anayemlenga mtu mmoja mwenye fedha, mambo ni mengine. Leo programu za akili bandia humwandikia barua safi kwa Kiingereza, Kifaransa au Kiswahili, ikiwa na jina la kampuni ya mlengwa na bidhaa anayoiuza. Anayesubiri kosa la sarufi atasubiri sana.

Sura mpya za ahadi ile ile

Mwaka 2020 polisi wa Dubai walimkamata Ramon Abbas, aliyejulikana mitandaoni kwa jina la Hushpuppi na kwa picha za magari ya kifahari. Moja ya mashtaka yaliyomkabili nchini Marekani lilihusu mfanyabiashara wa Qatar aliyekuwa akitafuta mkopo wa dola milioni 15 ili ajenge shule. Mkopo haukutoka, bali yeye ndiye aliyetoa zaidi ya dola milioni 1.1. Novemba 2022 Abbas alihukumiwa kifungo cha miaka 11 na miezi 3. Kisa hicho kina funzo kwa Afrika Mashariki, ambako wenye miradi mizuri wanahangaikia mitaji. Ahadi haikuwa ya urithi wala bahati nasibu. Ilikuwa ya mkopo, jambo la kawaida kabisa, na mlengwa alikuwa na shida ya kweli. Mwekezaji anayejitokeza kwa barua pepe na mamilioni ya kukopesha bila kuuona mradi anastahili maswali yale yale anayoulizwa mjane wa dikteta.

Tawi jingine halina ahadi ya utajiri, lakini linatoka katika shina hilo hilo. Tapeli huingia katika mawasiliano ya muuzaji na mnunuzi, akasubiri ankara itumwe, kisha akaandika kuwa akaunti ya kulipia imebadilika. Shirika la upelelezi la Marekani, FBI, lilipokea taarifa za hasara ya zaidi ya dola bilioni 2.9 kwa udanganyifu wa aina hii kwa mwaka 2023 pekee. Kwa wananchi wa kawaida nchini Tanzania, ndugu yake ni ule ujumbe wa simu usemao "ile hela tuma kwenye namba hii". Ni mchezo mmoja kwa viwango tofauti: fedha ziende kwa asiyejulikana kabla mwenyewe hajauliza.

Yanayopaswa kufanyika

Jambo la kwanza ni kutojibu. Jibu lolote, hata la matusi, humwarifu tapeli kuwa anwani ina mtu. La pili, akaunti mpya yoyote ya malipo ithibitishwe kwa kupiga simu kwa namba iliyokuwapo kwenye daftari tangu zamani, si ile iliyo katika barua. La tatu, malipo ya nje yawe na saini mbili, za watu wasiolala chumba kimoja. Kampuni nyingi za kifamilia huona sharti hili ni usumbufu, lakini Waswahili walikwisha kusema kuwa mali bila daftari hupotea bila habari.

La nne linawahusu wanaofikiri kuwa wanaweza kumzidi tapeli ujanja. Anayekubali fedha asizozijua zipite katika akaunti yake, hata kwa siku moja, anaweza kukutwa na shtaka la utakatishaji wa fedha haramu, ambalo Tanzania ililitungia sheria mwaka 2006 na Kenya mwaka 2009. Akaunti ikizuiwa, biashara halali iliyokuwa ikiitegemea nayo husimama.

La tano ni la mabenki na mawakala wa hawala. Mwaka 2017 kampuni ya Western Union ilikubali kulipa dola milioni 586 nchini Marekani, baada ya kukiri kuwa haikuwa na udhibiti wa kutosha na kwamba baadhi ya mawakala wake walishirikiana na matapeli. Karani anayemwona mzee akituma fedha mara ya tatu kwa mgeni wa ng'ambo anao wajibu wa kumuuliza, na swali lake moja linaweza kuokoa kiinua mgongo cha miaka 30.

La sita ni aibu. Waliolizwa hunyamaza, na ukimya huo humfaa tapeli mara mbili, maana mara nyingi hurudi akijifanya polisi au wakili anayeweza kuzirejesha fedha zilizopotea, kwa ada ndogo. Taarifa itolewe mapema polisi na benki, kwani saa za mwanzo ndizo zenye nafasi ya kuzuia malipo. Kwa ujumbe wa simu nchini Tanzania, Mamlaka ya Mawasiliano, TCRA, imeweka namba 15040 ya kupelekea taarifa.

Ipo hasara nyingine isiyoingia katika hesabu za polisi. Muuza korosho wa Mtwara au kahawa wa Mbinga anayemwandikia mnunuzi wa ng'ambo kwa mara ya kwanza huandika kutoka bara ambalo jina lake limechafuliwa na barua hizi. Barua yake ya kweli, yenye bei ya kweli na mzigo wa kweli, huweza kutupwa pamoja na za uongo. Analipa ada ya utapeli ambao hakuufanya wala kufanyiwa.

Njia pekee aliyonayo ya kujitofautisha ni kuandika yale ambayo tapeli hawezi kuyaandika: namba ya usajili inayoweza kuulizwa, anwani ya ghala linaloweza kutembelewa, jina la benki inayoweza kupigiwa simu, na bei inayolingana na ya soko. Na anayepokea barua ya mamilioni aitafute barua hiyo kwa vipimo hivyo hivyo. Akikuta kuwa anayegawa ndiye anayeomba, basi amekwisha kuisoma barua yote, na wala hana haja ya kufika kwenye saini.